Robine ya Kartie Yetu na Tumbo Langu

Niuseme mwenyewe ujinga wangu, kabla hujausikia kwa tante Vero, dada ya baba yangu, ambaye atauongezea chumvi na pilipili: nilikunywa maji ya robine mbele ya watu, glasi juu ya glasi, kwa sababu walikuwa wanacheka.

Robine yenyewe, yaani bomba la kuchotea maji, iko kwenye kona ya kartie yetu, mtaa wetu hapa Kamina, nyuma ya kambi ya reli. Ilikauka zamani, nikiwa bado shule ya msingi. Kuku walikuwa wanalala juu yake na sisi tulikuwa tunaifunga kamba ya kuanikia nguo. Halafu mvua za kwanza zilipokaribia, mkubwa mmoja akaletwa kwa gari jeupe kuja kuifungua. Hapa kwetu mkubwa akifungua maji lazima anywe glasi ya kwanza, watu waone kwamba hayaui. Basi akakata utepe, akainua glasi, akatabasamu kwa ajili ya picha, akagusisha midomo kama mtu anayelazimishwa kumbusu bibi mwenye ndevu, kisha akampa mlinzi wake. Nilikuwa karibu. Mlinzi aliiacha juu ya saruji ya robine, imejaa vilevile.

Gari lilipoondoka, nikaichukua ile glasi, nikaimwaga. Nikavaa begi la shule kifuani kama mkanda wa cheo, nikapanda juu ya saruji, nikatoa sauti ya mtu mwenye tumbo kubwa.

"Bananchi! Niliwaahidi mayi, mayi njo hii! Na minyi sikunywake na midomo, nakunywaka na koo!"

Nikafungulia. Yakatoka mekundu kama chai ya rangi. Mama mmoja mwenye bido ya kuchotea maji kichwani akapiga kelele, "Weye mutoto, acha kwanza ile bulongo ipite!" Lakini watu walikuwa wameshaanza kucheka, na mimi mtu akicheka siwezi tena kuacha. Nikameza yote. Nikajaza nyingine. Tangu hapo nikawa Waziri, na kila nikitoka shule kulikuwa na mtu wa kuniita, "Waziri, kuya ukunywe!" Waziri anakuja, anahutubia, anakunywa, watu wanapiga makofi, kina mama wanajaza bido zao.

Bomba la yale maji linapita chini ya mtaro ambao vyoo vya kambi vinamwagikia mvua ikinyesha. Tulijua wote. Tulijua namna unavyojua kwamba kwenye yale majani kuna nyoka, lakini mpira ndipo ulipoangukia.

Mambo ya vidudu sitakueleza. Siyajui, na kwenye somo la biolojia nilikuwa nalala. Nakueleza tu yaliyonipata, wewe unayesoma hii ukiwa umelala chali, au ukiwa umekaa kando ya mtu aliyelala chali, ili usifikiri kwamba ni wewe wa kwanza.

Homa ilinijia kidogo kidogo. Kichwa kwanza, kisha mgongo, kisha nikaanza kuona chakula kama adui. Kijana wa duka la dawa akaniangalia ulimi akasema malaria. Hapa kwetu kila kitu ni malaria mpaka kikuue. Nikameza vidonge, masikio yakalia kama treni inayoomba njia, homa ikapumzika, halafu ikarudi na ndugu zake wote.

Mama akanipeleka kituo cha afya. Mama yangu anauza samaki wakavu wa Bukama pale sokoni, na siku hiyo aliacha meza yake kwa jirani, jambo ambalo hakufanya hata siku alipojifungua mdogo wangu Mado. Kwenye benchi la kungojea nilipata watazamaji wangu. Kweli kabisa. Waliokuwa wananipigia makofi walikuwa wamejipanga pale, wamejifunga vitenge, macho ya njano, midomo imepasuka.

Mmoja akanitambua. "Waziri, na weye?"

"Na minyi, mwananchi."

Hakuna aliyecheka. Mtoto wa yule mama wa bido alikuwa amelala mapajani mwake, miguu inaning'inia. Mama yake alinitazama, hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Tifoide, wakasema, homa ya matumbo. Wakatupa dawa. Lakini tumbo langu tayari lilikuwa limevimba kama ngoma, na nilikuwa sijaenda choo, na nikilala nilikuwa naongea maneno ambayo Mado alikuwa ananirudishia asubuhi. Eti nilikuwa nahutubia bunge.

Tante Vero akaja kuniona. Tante Vero anasali sana, na akiona mgonjwa anatafuta kwanza ni nani aliyemroga. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hii hapana tifoide. Hii bantu bamemukulisha kintu."

"Bantu gani, Vero?" mama akamuuliza. "Mutoto alikunywa mayi ya robine. Kartie muzima iliona."

"Na benye balikunywa naye, bote bako na tumbo sawa hii?"

Mama ni Muluba wa hapa hapa, baba ukoo wake ulitoka Kasai, na tante Vero akisema "bantu" hivyo, kila mtu nyumbani anajua anawashtaki watu wa upande wa mama. Mama akainuka, akaenda nyuma ya mlango, akatungua pwari.

Kama hukukulia hapa: pwari ni ule mpira wenye shingo ndefu wa kusukumia dawa kwa njia ya nyuma, ndiyo kupigwa lavema. Kila nyumba inao. Mtoto wa Kamina ambaye hajakimbizwa uani na pwari bado sijamwona. Homa, pwari. Tumbo, pwari. Umekataa kwenda shule, pwari, na ghafla unapona. Mama akachemsha majani yake, akatia pilipili kidogo, namna mama yake alivyokuwa anamfanyia yeye. Alitaka uchafu utoke. Alitaka pia, nafikiri, tante Vero anyamaze.

Nilitania mpaka dakika ya mwisho. Nikamwambia, "Mama, waziri hapigwake lavema mbele ya wananchi." Mado akacheka. Mama naye akacheka, akanishika kiuno.

Kisha ndani yangu kitu kikakatika kama kamba ya mzigo.

Maumivu yale siwezi kuyaandika. Nitakuambia tu kwamba sikulia. Niliogopa kulia, maana kulia kunatikisa tumbo. Nikabaki nimejikunja kwenye mkeka, jasho baridi, nikimwangalia mama akiishika ile pwari hewani kana kwamba hajui ameitoa wapi.

Sasa wewe unayesoma: mtu akiwa na homa ya siku nyingi na tumbo limekaza, usimtie kitu chochote huko nyuma. Sio majani, sio sabuni, sio maji ya maombi. Mpeleke hospitali, hata ikibidi kumbeba kwa baiskeli. Mimi nilibebwa kwa pikipiki, nimebanwa kati ya dereva na mama, na kila shimo la barabara nililiomba radhi kabla hatujalifikia.

Hospitali tulikaa kwenye benchi lingine. Mvua ilikuwa inapiga mabati, watu wote walikuwa wanaongea kwa ishara. Daktari alikuwa kijana, viatu vyake vimelowa. Akaweka vidole viwili tumboni kwangu, akavitoa haraka.

"Nani njo alimutia lavema?"

Tante Vero akatazama sakafu, na hiyo ni mara moja tu katika maisha yake. Mama akasema, "Njo minyi, dokta."

Daktari hakupiga kelele. Alipunguza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. "Mama, matumbo imetoboka. Ile ugonjwa ilishakuwa imeilainisha. Tunamupasua leo. Tukingoja kesho, hatutakuwa na mutu ya kupasua."

Baba alikuwa safarini. Baba ni mfanyakazi wa reli, anaunganisha mabehewa, na treni yake ilikuwa imekwenda upande wa Bukama. Simu yake haikupatikana. Tante Vero akamshika mama mkono.

"Hatuwezi kukubali minyi na weye peke yetu. Mutoto iko ya baba yake. Tumupeleke kwanza ku chumba ya maombi, kaka atarudi, ataamua."

Mama akamtazama. Mimi nilikuwa kwenye machela, nasikia kila kitu, hakuna aliyekumbuka kwamba wagonjwa wana masikio.

"Vero, weye unajua treni ya kwetu inarudi siku gani? Hata shefu wa gare hajue. Lete kalamu."

"Na akifa?"

"Lete kalamu, nimesema."

Akatia sahihi. Akanishika miguu, sio mkono, miguu, akaishika mpaka mlango wa chumba cha kupasulia, na ilibidi muuguzi amtoe vidole kimoja kimoja.

Nilipoamka nilikuwa na mpira puani, serome ya maji ya dawa mkononi, kitambaa kutoka kifuani mpaka chini, na upande wa kulia kipande cha utumbo wangu kimetolewa nje, chekundu, kama midomo ya mtu anayepiga mluzi. Uchafu ungepitia hapo, wakaniambia, mpaka ndani kupone. Nikauliza, kwa sauti kama ya panzi, "Kwa hiyo niko na mikundu mbili?" Muuguzi aligeuka ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mtu akikuchekea siku kama hiyo, usimsahau.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Papa Ilunga, ambaye alikuwa anasukuma mkaa kwa baiskeli kutoka upande wa Kabongo. Alipasuliwa kwa ugonjwa huo huo. Yeye alikunywa maji ya njiani. Alikuwa mtu mzima mwenye mikono kama mizizi, na nilipoanza kutania alinisihi, "Mwanangu, unyamaze, utanipasula nyuzi." Nikinyamaza, baada ya muda anasema, "Sawa, moja tu. Ndogo." Tulikuwa tunacheka bila kutumia tumbo, kwa pua tu. Jaribu uone ilivyo kazi.

Baba akarudi. Akasimama mlangoni mwa sale ya wagonjwa na fulana yake ya kazi, grisi mpaka viwiko, mfuko wa samaki mkononi. Akaniangalia kwanza. Kisha akamgeukia mama.

"Nani alikubali bamupasue?"

"Minyi."

"Na lavema?"

"Minyi."

Akaweka samaki chini, akatoka. Tangu hapo hawakusemeshana. Baba alikuja kila siku, akakaa upande wa kushoto. Mama upande wa kulia. Na mimi katikati nikawa simu. "Mwambie mama yako dawa ile pale." "Mwambie baba yako nimeiona." Nilijaribu kubadilisha ujumbe. Nikamwambia mama, "Baba anasema weye iko muzuri." Baba hakukana. Na tante Vero huko nje, kwenye uzio, alikuwa anamweleza kila anayepita nani aliyemtoboa mtoto wa kaka yake. Mama alikuwa anapita mbele yake na beseni la nguo zangu zilizochafuka, anasema, "Vero, habari," anaendelea.

Papa Ilunga alianza kuvimba tena. Kidonda kilifunguka. Siku hiyo mchana aliniomba moja ndogo, na mimi kichwa kilikuwa kitupu kabisa, sikupata hata moja. Nikamwambia kesho. Akasema haina neno. Jioni alikufa, mke wake akiwa ameenda kumpikia uji. Aliporudi na sufuria yake, aliiweka juu ya kile kitanda, akaifunika vizuri, kana kwamba hataki uji upoe.

Hakukuwa na wanaume wa kutosha kumbeba. Baba akaenda. Sijui waliongea nini huko na yule mama, wala baba aliona nini. Alirudi mvua imemlowesha, akazunguka kitanda changu, akakaa upande wa kulia, kwenye mkeka wa mama. Mama alikuwa anakula bukari, ugali wetu, na mboga kwenye sahani moja. Baba akanawa, akatia mkono humo humo. Wakala. Kisha baba akasema, "Chumvi." Mama akampa. Mimi nikageuza uso ili wasinione.

Tukarudi nyumbani mvua bado nzito. Kama na wewe umetolewa utumbo nje, sikiliza. Mifuko ile ya kubandika, inayouzwa kwingine, hapa hatukuipata. Mama alikuwa anakata sachet, mifuko ya plastiki ya sokoni, anazifunga kwa kitambaa. Uchafu ule unachoma ngozi kama chumvi kwenye kidonda. Muuguzi aliyenichekea ndiye aliyetufundisha kupaka ute wa yai kuzunguka tundu, unakauka, unakuwa ngozi ya pili. Mado alikuwa analalamika kwamba mayai yote ya nyumba hii yanaliwa na tumbo langu kwa nje.

Nywele zikaanza kutoka. Nilikuwa naamka, zimebaki kwenye mto. Suruali nikaifunga kwa waya wa umeme. Nilipojiona kwenye kioo cha mama nilifikiri ni babu fulani amekuja kututembelea bila hodi. Na harufu. Unaizoea mpaka unaona sura ya mgeni akiingia. Wenzangu wa shule walikuja mara moja, wakasimama uani, wakakumbuka wana kazi. Mmoja tu, Kasongo, aliingia akakaa kitandani kabisa.

"Waziri, unanuka."

"Niko mu serikali siku mingi."

Alirudi kila wiki na madaftari yake, maandishi mabaya kama miguu ya kuku. Niliyanakili yote. Ndiyo maana bado niko darasa moja naye.

Lakini usifikiri nilitania kila siku. Kulikuwa na mchana mmoja, sachet imepasuka, kitanda kimechafuka, mama yuko sokoni, Mado yuko shule, mvua inaingia kwa juu, nikamwomba Mungu animalizie. Nilimwambia kwa heshima. Hakunijibu. Mama aliporudi akanikuta bado niko, akanivua, akaniosha kama mtoto mchanga, akiwa ananipigia hadithi ya mteja aliyetaka kubadilisha samaki wake aliyekwisha kumla kichwa. Sikucheka. Akaisimulia tena tangu mwanzo.

Mtoto wa yule mama wa bido alipokufa, baba ndiye aliyeniambia. Nilitaka kwenda msibani. Nilifika mpaka kwenye kona, nikiwa nimeshika mfuko wangu chini ya shati, nikaona turubai na viti, nikashindwa. Sijaenda mpaka leo. Huyo mama tunapishana barabarani, ananisalimia.

Mvua zikakoma, upepo wa kiangazi ukaanza kuleta vumbi, nikarudi hospitali kurudishiwa utumbo ndani. Safari hii baba alikuwepo. Alitia sahihi yeye, akampa mama kalamu naye atie, ingawa muuguzi alisema moja inatosha.

Ukifungwa tumbo, wakubwa na wadogo wote wanangojea kitu kimoja: ujambe. Bila hivyo huli, hunywi. Daktari anaingia, "Imetoka?" Bado. Muuguzi anaingia, "Imetoka?" Bado. Tante Vero, ambaye siku hizo alikuwa ameanza kuleta uji, akaniombea kabisa, mikono juu, kwamba Bwana afungue njia. Mimi niliyewahi kufukuzwa darasani kwa ajili hiyo hiyo, nimelala pale sina hata kidogo. Nikaanza kufikiria Papa Ilunga.

Ilipotoka, ilitoka wakati wa kimya, ndefu, kama treni inayoingia gare. Sale nzima ilipiga makofi. Baba yangu, ambaye kanisani hukaa karibu na mlango ili atoke mapema, akasema "Amina" kwa sauti. Mama akaweka kitenge usoni na sikujua kama analia au anacheka.

Robine bado iko. Inatoa maji siku inapotaka, wakati mwingine mekundu, wakati mwingine meupe, na meupe ndiyo ninayoyaogopa zaidi kwa sababu yanafanana na maji. Watu wanachota, watafanya nini? Sisi tunachemsha mpaka yabubujike kweli, sio mpaka yapate joto, na mkaa ukikosekana tunakaa na kiu mpaka upatikane. Kasongo ananiita mzee. Wakinipigia kelele pale kwenye kona, "Waziri, kunywa," ninawaambia nimejiuzulu, na ninawaonyesha tumbo. Mshono unatoka kifuani unazunguka kitovu, na kule kulia kuna kovu kama jicho lililofumba. Wadogo wanakimbia. Wengine wanabaki, nao ndio ninaowaeleza habari za kuchemsha.

Jumapili ya kwanza tangu nitoke, tulikuwa tunaenda kanisani kushukuru. Nikatafuta shati langu la bluu, lile la sikukuu, kwenye sanduku, kwenye kamba, chini ya godoro. Halipo. Nikamshtaki Mado kwamba amelifanya kitambaa cha kufutia sufuria, Mado akaapa, nikatoka uani nikipiga kelele za kutania kwamba nyumba hii ina wezi, kwamba mgonjwa akigeuka tu anaibiwa. Mama alikuwa amekaa kwenye kibao, anafunga viatu vyake. Nikamwambia, "Mama, shati yangu ya bleu iko wapi? Sema ukweli, leo ni siku ya Bwana." Hakuinua kichwa. Akamaliza kiatu cha kwanza, akashika cha pili, akasema:

"Siku ya kwanza balikupasua, nilirudia ku nyumba, nikaifula, nikaipiga pasi, sababu nilijua njo ile tutakuzika nayo. Sasa siwezi kukuona tena mu ile shati. Niliipatia muntu. Vaa ya kijani."